Heri Ningezaliwa Kipanga

Ukimwambia mtu harusini kwamba wewe ni daktari wa binadamu, atakuonyesha goti. Ukimwambia ni mwanasheria, atakusimulia kesi ya kiwanja chake tangu siku mjumbe alipoweka saini. Mimi nikisema nafundisha hisabati chuo kikuu, mwenzangu anarudisha kiti nyuma, anacheka, kisha anatangaza kwa sauti ya kutosha meza tatu: "Aisee, mimi hesabu zilinikataa!"

Anatangaza kwa fahari. Sijawahi kumsikia mtu akijisifu ukumbini kwamba kusoma kulimkataa, au kwamba mpaka leo hajui kuandika jina lake. Lakini kukataliwa na hesabu ni cheo, na wenye cheo hicho ni wengi. Kati ya mwaka 2019 na 2022, waliofaulu Hisabati kidato cha nne hapa Tanzania walikuwa kama mmoja kati ya watano. Maana yake kwenye meza ya watu kumi, wanane wana haki ya kusimama na kutangaza, na wawili waliobaki wanatazama sahani zao wasije wakaonekana wanajidai. Wanane haohao ndio watakaonipitisha kwa kauli moja niwe mhazini wa kamati ya harusi inayofuata, maana "mwenzetu ni mtu wa namba."

Bili ikija, inasukumwa kwangu bila mjadala. Nikitoa simu nifungue kikokotoo, meza nzima inaangua kicheko: eti daktari wa hesabu anagawanya kwa simu! Ndugu zanguni, tasnifu yangu ya uzamivu haina namba inayozidi mbili, ukiacha namba za kurasa. Zilizobaki ni herufi za Kigiriki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hapo mezani aliyekataliwa na hesabu kuliko wote ni mimi, na hakuna anayenipa nafasi ya kutangaza.

Shuleni kwetu watoto tuligawanywa makundi mawili, vipanga na vilaza, na mgawanyo huo ulifanyika kabla hata hatujafundishwa kugawanya. Mimi nilikuwa kilaza mwenye uzoefu. Asubuhi tulianza na hesabu za kichwa: darasa zima linasimama, anayejibu anakaa. Nilisimama hata nikaujua kila ufa wa ukuta wa mbele. Nyuma ya daftari langu kiwanda kilikuwa kimechapa jedwali la kuzidisha, na mwalimu wetu aliamini kwamba kitu kikishachapwa nyuma ya daftari kimekwisha kuingia kichwani. Ambacho hakikuingia alikisindikiza kwa fimbo. MAGAZIJUTO niliijua kwa kuiimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nadhani niliiimba vizuri kuliko vipanga. Tatizo lilianza pale nilipowekewa swali nikaulizwa nianzie wapi.

Kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza kwa mkupuo, na hata yale machache niliyokuwa nimeanza kuzoeana nayo yakawa hayanijui tena. Humo ndimo nilimokutana na hasi mara hasi. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya, akapigia mstari. Kuna mwenzetu, mtoto wa muuza mkaa, mwenye akili ya biashara, akanyoosha kidole akauliza: deni ukilizidisha kwa deni, mali inatoka wapi? Akajibiwa kwamba ndiyo kanuni, kisha akatumwa akamwagilie maua. Kuanzia siku hiyo maua ya shule yetu yalistawi sana. Maswali ndiyo yaliyokauka.

Miaka mingi baadaye nilikuja kugundua kwamba mtoto wa muuza mkaa alikuwa na wenzake wakubwa. Brahmagupta wa India aliandika kanuni za hasi na chanya mwaka 628, na yeye mwenyewe alizungumza habari za deni na mali. Zaidi ya miaka 1100 ikapita, na bado mwaka 1758 Mwingereza mmoja, mwanasheria Francis Maseres, akachapisha kitabu kizima akilalamika kwamba hizi hasi zinaitia aljebra giza. Huyo hakutumwa kumwagilia maua. Baadaye alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Sisi tulipewa kipindi kimoja cha dakika 40, na kazi ya nyumbani juu.

Aliyeniharibia maisha ni mwalimu wa mazoezi.

Alikuja tukiwa kidato cha pili, dada mmoja mwembamba mwenye sauti isiyofika madawati ya nyuma, ambako ndiko yalikokuwa makazi yangu. Ikabidi nisogee mbele nisikie anasema nini, kosa ambalo ninalilipia mpaka leo. Aliandika ubaoni kwamba tatu mara hasi mbili ni hasi sita. Chini yake, mbili mara hasi mbili ni hasi nne. Moja mara hasi mbili ni hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili ni sifuri. Akaweka chaki chini, akatuuliza majibu yanafanya nini kila tukishuka mstari mmoja. Tukatazama. Yanapanda, mbili mbili. "Haya," akasema, "mstari unaofuata ni hasi moja mara hasi mbili. Anayetaka majibu yaache kupanda ghafla anipe sababu."

Hatukuwa na sababu. Nikasikia sauti inasema "mbili", na darasa zima likageuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba sauti ni yangu.

Hakunisifu. Aliniuliza, "Umejuaje?"

Mimi nilikuwa nimezoea swali jingine, lile la "kwa nini hujui?", ambalo nilikuwa na akiba ya majibu yake tangu darasa la tatu: nilikuwa naumwa, daftari lililowana, bibi alifariki. Hili la umejuaje sikuwa nimeliandalia kitu, ikabidi nifikiri. Na alikuwa analiuliza kwa kila mtu, aliyepata na aliyekosa, kwa sauti ileile, kiasi kwamba hukujua uko upande gani mpaka umalize kujieleza. Wengi waligundua kosa lao wakiwa katikati ya sentensi, wakakaa wenyewe. Muda wake wa mazoezi ukaisha, akarudi chuoni kwake, shule ikamsahau kabla ya gwaride la Jumatatu. Mimi aliniachia ugonjwa.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia: madaftari, koroboi, madaftari tena, C ya kidato cha nne iliyomfanya mkuu wa shule aulize kama namba yangu ya mtihani haikuchanganywa na ya mtu, kisha mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, ambako nilishika mkia kwa muda mrefu, halafu kiuno. Hakukuwa na malaika. Hakukuwa na usiku ambao akili ilifunguka.

Ndiyo maana naogopa mahafali. Kila ikifika msimu kuna shule itakayonialika kuwa mgeni rasmi niwape watoto "siri ya mafanikio", na mshereheshaji atanitambulisha kwamba nilifeli hesabu kama Einstein. Nimechoshwa na huyu Einstein. Einstein hakufeli hesabu! Kabla hajatimiza miaka 15 alikuwa ameshajisomea kalkulasi akaimaliza, na mwaka 1895 alipokwama kwenye mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zürich, hisabati na fizikia alifanya vizuri. Yaliyomwangusha ni masomo mengine, Kifaransa kikiwemo. Alikuwa kipanga, tena kipanga wa kutisha. Kumwambia mtoto aliyepata 12 kati ya 100 kwamba yuko njia moja na Einstein ni kumdanganya, na siku moja atakuja kusoma mwenyewe, aone.

Mfano ninao wa hapahapa nyumbani, ila haupendwi na meza kuu. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, alitia kwenye jokofu mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, asije akakosa nafasi. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaja kuuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu wa fizikia akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Kutoka hapo wasimulizi wote wanaruka moja kwa moja hadi kwa Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam aliyepita pale kutoa mhadhara, akaulizwa swali lilelile, akaenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Mimi nakaa pale wanaporuka. Mpemba mwenyewe alieleza kwamba baada ya siku ile, kila alipokosea kusoma logi kwenye majedwali, mwalimu alisema hizo ni hesabu za Mpemba, na darasa zima likadakia, ikawa kila anachokosea ni cha Mpemba. Waliowahi kushika kile kitabu cha majedwali wanajua: kidole kinashuka safu, jicho linavuka kulia, ukipepesa tu umeshasoma mstari wa jirani. Ni kosa la jicho. Mtu aliyekuja kuwaacha wanafizikia wa dunia wakikuna vichwa alikuwa anachekwa darasani kwa kosa la jicho. Nikifika hapa, makofi ya walimu hupungua, na mshereheshaji hunikumbusha kwamba chakula kinapoa.

Basi, ukishakuwa kilaza wa zamani mwenye shahada tatu, ungetegemea dunia ikuache upumzike. Sikiliza.

Ofisi ya pili kutoka yangu kuna mwenzangu, kipanga wa kuzaliwa, mtu mwema, hana baya na mtu. Saa kumi jioni anafunga mlango anakwenda zake. Darasani akifika mahali pagumu husema "ni dhahiri" na kusonga mbele. Si kiburi, kwake ni dhahiri kweli. Hajawahi kupotea kwenye njia ile, kwa hiyo mtu aliyepotea akimuuliza apitie wapi, yeye humwonyesha tena kule kunakoendewa. Wanafunzi wake wanatoka kimya, wanaupita mlango wake, wanakuja kujipanga kwangu. Mimi kona zote nazijua, maana zote nililala humo. Na thawabu ya ujuzi huo ni foleni.

Nimewahi kumshika shati nimweleze habari ya dhahiri yake. Leibniz alichapisha kalkulasi yake mwaka 1684, Newton akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1687, na wote wawili walikuwa wanagawanya kwa vitu ambavyo mara ni sifuri, mara si sifuri, kadiri ya mahitaji. Mwaka 1734 askofu Berkeley akawacheka kwa maandishi, na alikuwa na haki. Mpaka Cauchy anakuja kuweka mambo sawa kidogo mwaka 1821, na Weierstrass kumalizia huko Berlin, ni zaidi ya miaka 150. Vichwa bora vya Ulaya vilichukua miaka 150 kukubaliana kikomo, msingi wa kalkulasi hiyo, ni nini. Sisi tunakifundisha wiki ya pili, Jumanne, saa mbili asubuhi, watoto wakiwa hawajanywa chai kwa kuwa bumu, yaani fedha ya mkopo, halijatoka.

Na huyo Weierstrass mwenyewe! Aliondoka Chuo Kikuu cha Bonn bila shahada, akaishia kufundisha shule kwa miaka mingi, mazoezi ya viungo yakiwemo, ndipo Berlin ikamwita mwaka 1856. Chuo cha Berlin kilipomkatalia Sofia Kovalevskaya kuingia mihadhara kwa kuwa ni mwanamke, Weierstrass alimfundisha pembeni kwa miaka minne, Sofia akatunukiwa uzamivu Göttingen mwaka 1874. Miaka minne pembeni. Wengine wakimsoma huyu mzee wanaona shujaa. Mimi najiuliza alikuwa anakula saa ngapi.

Muhula uliopita, baada ya matokeo ya jaribio la kwanza, ndiyo nakunja mkoba, mlango ukagongwa kwa ukucha. Ukucha mmoja ni mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu wanagonga kwa kiganja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani mwalimu, nina swali dogo."

Swali dogo halijawahi kuwa dogo. Binti akatoa desa lenye rangi tatu za kalamu, na karatasi ya jaribio aliyoikunja mara nyingi ili alama isionekane. Nikaisoma. Kalkulasi yote ilikuwa sawa, hatua kwa hatua. Kilichomwangamiza kilikuwa mstari wa pili: moja chini ya x, jumlisha moja chini ya x na moja, akaandika mbili chini ya mbili x na moja. Amejumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akaendelea na safari kwa amani.

"Hapa ulifikirije?"

"Nimejumlisha, mwalimu."

"Sawa. Ifanye x iwe moja. Swali linakuwaje?"

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana. Moja, jumlisha nusu. "Moja na nusu."

"Na jibu lako?"

Akahesabu. "Theluthi mbili."

"Ulikuwa na moja nzima, ukaongezewa nusu, sasa unayo theluthi mbili. Nani kakuibia?"

Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Halafu kicheko kikakatika, akafungua kurasa za nyuma za daftari, moja baada ya nyingine, na nikaona macho yake yanatua palepale kila ukurasa. Kosa lilikuwepo kila mahali. Kwa namba asingelifanya kabisa. KDS, kigawe kidogo cha shirika, aliijua tangu darasa la tano. Zilipoingia herufi, hakuna aliyemwambia kwamba ni sheria ileile, huenda kwa sababu ni dhahiri. "Kwa hiyo mwalimu," akauliza, "mimi si kwamba sina akili?" Nikamwambia hilo hatujalichunguza, tuanze na sehemu. Tukakaa hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu aliyefungiwa ndani.

Ungedhani ameridhika akatulia. Kesho yake alileta wanaolala naye chumba kimoja. Waliolala chumba cha pili wakasikia. CR, kiongozi wa darasa lao, akaweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwalimu ana "kipindi cha wasioelewa", jina ambalo sikulitoa mimi, na siku sikuzipanga mimi. Sasa usiku wa manane napokea picha za madaftari yaliyopigwa upande, kidole gumba kikiwa kimefunika swali lenyewe na sehemu kubwa ya picha ikiwa ni shuka. Napokea sauti za dakika tano ambazo dakika nne ni shikamoo, poleni na majukumu, samahani kwa usumbufu. Na sentensi ninayoiogopa kuliko "nitadisko, mwalimu" ni "nimeelewa", ikitamkwa upesi, kichwa kikiinama. Niliitumia mwenyewe kwa miaka. Ina maana: niache niondoke.

Ndugu nao wamesikia. Shangazi alinipigia kutoka Korogwe, hakusalimia vizuri, akaniambia mtoto wa binamu yangu yuko njiani na basi la asubuhi, ana sanduku na godoro, ana mtihani wa Taifa mwakani, "na wewe mwanangu si ulikuwa mjinga kama yeye, utamwelewa." Hiyo ndiyo barua ya sifa pekee niliyowahi kupewa na ukoo.

Hata kipanga wa ofisi ya pili alikuja, tena saa kumi kamili, akafunga mlango nyuma yake akashusha sauti. Mwanawe wa darasa la tano analia kila akiona sehemu. Amemweleza mara nyingi, kwa njia fupi kabisa. Ningeweza kumwona Jumamosi? Nilifikiria kumwambia ni dhahiri. Nikamwambia amlete saa tatu, aje na daftari alilokosea, si lile safi.

Wiki hii nikajaza fomu ya tathmini ya mwaka. Ina ukurasa wa machapisho, ukurasa wa miradi, ukurasa wa ushauri wa kitaalamu unaoingiza fedha. Mwisho kabisa kuna kinafasi cha "mengineyo", upana wa vidole viwili. Nikaandika: kukaa na wanafunzi wasioelewa, jioni. Fomu ikanirudia na maneno ya kalamu nyekundu: ambatisha ushahidi.

Nikaenda masjala. Karani ni mama mmoja mpole, hajawahi kupoteza jalada la mtu.

"Dokta, kila dai lina kiambatisho," akanieleza. "Nakala mbili."

"Kiambatisho ninacho, mama. Kimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, kina daftari mkononi, na nyuma yake viko vingine kumi na kitu."

Akachovya kidole kwenye sifongo, akafunua ukurasa, hakuinua macho. "Basi vipigwe muhuri," akasema, "uvilete kabla ya Ijumaa."